Bilauri ya Ami Sudi

Walimsifu sana Ami Sudi siku waliyomzika. Walisema alikuwa nguzo ya mtaa, kwamba hakupata kumrudisha mtu mlangoni, kwamba akili yake ilitosha kugawiwa watu kumi na ikabaki. Nilikuwa nimeketi ghorofani pamoja na wanawake, nikizisikiza sauti za wanaume zikipanda kutoka barazani, na nilinyamaza kwa kuwa maiti hasemwi, nami nimelelewa. Lakini mzee mmoja, mwenzake wa kahawa, alipoanza kuwasimulia vijana kisa cha bilauri ya barafu, na vijana wakacheka mahali pale pale walipocheka baba zao, dharau yangu ya zamani iliinuka ikiwa nzima, kana kwamba ilikuwa imelala tu chumba cha pili. Niliipata katika mwaka mmoja, ndani ya nyumba hiyo hiyo, na kwa zaidi ya miaka ishirini niliitunza vizuri kuliko nilivyotunza vitu vingi vya thamani. Siku ya tatu ya matanga niligundua kwamba muda wote huo nilikuwa nimemdharau marehemu kwa sababu isiyo yake.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, nafundisha katika shule moja ya binafsi kule Tudor, na nakaa Mji wa Kale, Mombasa, kwa Shangazi Zuhra, dada yake Ami Sudi. Nyumba ilikuwa mwisho wa kichochoro, pale kinapoteremka kuelekea majini. Chini, upande wa mbele, palikuwa na duka la Ami Sudi la leso, kama tuziitavyo kanga, lenye milango miwili: mmoja wa kutokea kichochoroni, mwingine wa kuingilia ushorobani mwa nyumba. Ushoroba ulikwenda ukaishia kwenye ua mwembamba, na ua ukaishia kwenye ukuta mkongwe wa mawe ya matumbawe, na nyuma ya ukuta ilikuwa bahari. Juu tulikaa sisi watatu, Shangazi, binti yake Rukia, na mimi. Juu pia palikuwa na vyumba viwili vilivyo bora kuliko vyote, vyenye madirisha marefu ya kupokea upepo wa kusi, na katika vyumba hivyo hapakulala mtu. Palilala leso. Ami Sudi alikuwa amezipanga korija juu ya korija, mabunda ya ishirini ishirini, mpaka karibu na boriti, na ile harufu ya nguo mpya, harufu ya wanga na rangi, ilitufuata mpaka kwenye mahamri ya asubuhi. Rukia alikuwa na mzaha wake. Alisema leso za mjomba wake zimeolewa kabla yake, ushahidi ni kwamba zina vyumba.

Mzaha huo ulianza kuuma Rukia alipochumbiwa. Kwetu, watu wa mji, desturi ilikuwa bwana harusi aje akae kwa mkewe. Kwa hiyo vyumba anavyokabidhiwa binti ndiyo heshima ya kwao, na ndimo atakamozalia na kulelea. Shangazi alikuwa mjane, na neno la mwisho juu ya nyumba lilikuwa la kaka yake. Alimngojea siku ya chakula anachokipenda, samaki wa kupaka, na alipomwona amefika katikati ya sahani akamwomba vile vyumba viwili vya juu kwa ajili ya Rukia. Ami Sudi hakuacha kula. Aliuliza leso zake azitie wapi, baharini? Kisha akatoa shauri lake kama mtu anayetoa sadaka: tutavunja ukuta wa ua, tutamwaga kifusi ng'ambo yake, tutaisukuma bahari nyuma kidogo, na hapo tutamjengea binti vyumba vipya vya chini, yeye na mumewe, na mlango wao. "Bahari ina nafasi kubwa," alisema, akiutafuta mwiba kwa ulimi. "Haitaona."

Nilisema, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwamba sakafu ya vyumba hivyo itakuwa juu kidogo tu ya bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, na kwamba maji ya bahari duniani kote yanapanda. Alinitazama kama mtu anavyomtazama paka aliyekohoa. Rukia alinifinya chini ya pindo la supra, kitambaa cha kulia kilichotandikwa mkekani.

Wiki chache baadaye shirika moja, ambalo jina lake lilikuwa refu kuliko kazi yake, liliwaita wazee wa Mji wa Kale kwenye hoteli moja ya kisiwani ili waelimishwe kuhusu kupanda kwa bahari. Shule yangu ilinituma nikahudhurie. Nilikwenda na furaha ya kijinga, nikiwaza kwamba hatimaye mtu mwenye suti atasema maneno yale yale niliyoyasema mimi juu ya samaki wa kupaka, na kwa kuwa ana suti atasikilizwa. Mtaalamu alikuwa amefika kutoka Nairobi kwa ndege ya asubuhi na alikuwa na tikiti ya kurudi jioni, jambo alilolitaja mara mbili. Alionyesha picha za milima ya barafu na za dubu mweupe mwenye huzuni. Wazee walimtazama dubu kwa heshima. Kisha, kwa kuwa bila shaka aliambiwa na mtu fulani kwamba watu wa pwani hawafahamu jambo mpaka walione, akaomba bilauri, akaitia vipande vya barafu, akajaza maji mpaka kwenye ukingo kabisa, barafu ikichomoza juu, akaiweka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Akasema twendeni tukanywe chai. Tukirudi tutaona mwisho wa mji wetu.

Tulikunywa chai. Sambusa zilikuwa baridi. Tuliporudi barafu ilikuwa imekwisha, na bilauri ilikuwa imejaa vile vile mpaka ukingoni, wala hakuna tone lililovuka. Kitambaa kilichoizunguka, hata hivyo, kilikuwa kimelowa, na yule mtaalamu, Mungu amsamehe, akakielekeza kidole kile kitambaa akasema, mwaona? Ami Sudi akainuka. Alikwenda mbele taratibu katika kanzu yake iliyopigwa pasi, akatoa leso yake ya mfukoni, akaufuta ubavu wa bilauri, akaiinua ile leso ikiwa imelowa ili ukumbi wote uione.

"Bwana," alisema, "hili ni jasho. Hapa Mombasa kila bilauri ya barafu hutoka jasho, hata ya harusini. Maji yako yamekaa ndani na adabu zao."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mtaalamu alisema jambo kwa Kiingereza kuhusu unyevu wa hewa, akatazama saa yake, na nilipoinua mkono tukaambiwa ni wakati wa picha ya pamoja.

Nieleze hapa, kwa faida ya yeyote ambaye bado anasimuliwa kisa hiki barazani, kile ambacho mwanafunzi yeyote makini angeweza kumwambia bwana yule. Barafu inayoelea imekwisha kuidai nafasi yake majini. Ikiyeyuka inarudisha kile kile ilichokuwa imekichukua, na maji hayapandi. Bilauri ilisema kweli. Lakini barafu inayotutisha siyo hiyo. Ni ile iliyolala juu ya nchi kavu, Grinlandi na Antaktika, barafu nzito kama milima, na ile ya milimani kwenyewe, ambayo haijaingia baharini bado. Hiyo ikiyeyuka ni kama mgeni mpya kwenye sinia moja: wali haukuongezeka, mikono imeongezeka. Zaidi ya hayo maji yenyewe yakipata joto hutanuka. Hakuna lolote katika haya linalohitaji ndege ya asubuhi. Mtu aliyelipwa kutufundisha hatari alikosea somo la kwanza, na kwa kosa lake akawapa wapinzani wake silaha ambayo wasingeweza kuibuni wenyewe. Silikumbuki jina lake tena. Nimewakuta wenzake katika makongamano mengi tangu hapo, wakiwa na dubu yule yule.

Ami Sudi alirudi na ile bilauri mdomoni, namna ya kusema, na mtaa ukaipokea. Kila siku baada ya magharibi, yule muuza kahawa alipokuwa akigonganisha vikombe vyake barazani chini ya dirisha letu, Ami aliagiza barafu kutoka jikoni kwetu. Mimi ndiye niliyeitoa katika friji, na Rukia ndiye aliyeiteremsha. Niliketi nyuma ya vibao vya dirisha nikisahihisha kazi za wanafunzi na kusikiza. Alianza kila mara kwa kumwigiza mtaalamu, suti, saa, na lafudhi ya bara. Kisha bilauri ikajazwa. Kisha zikaja habari nyingine, bei ya vitunguu Marikiti, mke wa fulani, meli iliyokwama bandarini. Kisha barafu ilipokwisha wote wakanyamaza wakainama kutazama ukingo. Watu wazima, wenye wajukuu, wakitazama bilauri. Akaja mgeni kutoka Lamu, akaonyeshwa. Akaja fundi mwashi wa vile vyumba vya chini, akaonyeshwa, akasema Alhamdulillahi, kazi iendelee. Baada ya mwezi mmoja ile bilauri haikuwa mzaha tena. Ilikuwa hukumu. Mtu akizitaja habari za bahari kupanda, jibu lilikuwa kuagizwa barafu.

Jioni moja nilishindwa. Niliufungua mlango wa dirisha nikasema, "Ami, barafu ya kwenye bilauri inaelea. Ile ya nchi kavu haielei. Hayo ni mambo mawili."

Hakuinua uso. "Mwasikia?" akawaambia wenzake. "Siku hizi madirisha ya Zuhra yamesoma chuo kikuu."

Walipomaliza kucheka mmoja akasema dirisha literemke lipewe kahawa na mume. Wakacheka tena.

"Haya, mwanangu," Ami Sudi akasema, sasa akinitazama, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Hiyo barafu yako ya nchi kavu iko mbali?"

"Mbali sana, Ami."

"Basi ikifika, niamshe."

Nililifunga dirisha. Wakati huo sikujua jambo ambalo nalijua sasa, na ambalo ningependa wangelijua wao: kwamba marundo yale ya barafu ni makubwa hata huivuta bahari kuelekea kwao, na yanapopungua huiachilia, kwa hiyo maji hushuka kando yao na kupanda zaidi huku mbali, kwetu, kwa watu ambao hawajapata kuiona barafu isipokuwa ndani ya sharubati. Umbali haukuwa kinga. Lakini hata ningelijua, lingekuwa ni jambo la dirishani.

Asubuhi yake Shangazi Zuhra alikuwa akikanda unga wa mahamri. Aliniuliza bila kugeuka kama ningeweza kumwonyesha yeye, peke yake, hiyo barafu ya nchi kavu. Nilimwambia naweza. Tuliingojea Ijumaa, baada ya chakula, kwa kuwa siku hiyo wanaume hulala. Supra ilikuwa bado imetandikwa mkekani, safi, maana Shangazi aliibadilisha kwa makusudi. Niliweka katikati yake bakuli kubwa la kauri, ndani ya bakuli nikasimamisha kikombe cha chai kilichopinduliwa, nikakiwekea jiwe dogo kisielee, nikajaza maji mpaka ukingoni, kitako cha kikombe kikibaki juu ya maji. Hiyo ndiyo nchi kavu. Juu ya kitako hicho nikaweka vipande vya barafu, vingi kadiri vilivyokaa. Rukia akauliza kama tunapika. Shangazi akamwambia anyamaze, yuko shuleni.

Ndipo Ami Sudi akaingia. Alikuwa amekuja kuchukua leso za mteja katika vile vyumba, na alipotukuta tumelizunguka bakuli akasimama. Nilingoja kebehi. Haikuja. Aliuliza kikombe ni kitu gani. Nikamwambia ni nchi. Akachutama, magoti yake yakalia, akaliweka lile bunda la leso kando. Tulikaa hivyo. Adhana ya alasiri ilipotoka Shangazi na Rukia waliondoka kwenda kuswali. Mimi siku hiyo sikuwa na sala. Kwa hiyo tulibaki wawili, na yeye hakuondoka, ingawa muadhini alikuwa amemwita yeye pia. Nakumbuka jinsi alivyotoa leso yake ya mfukoni akalifuta bakuli kwa nje, kuuzunguka ubavu wote, kwa uangalifu wa mtu anayefuta taa. Jasho. Hakutaka kudanganywa na jasho. Alilifuta mara ya pili. Kisha akaweka kidole chake kwenye ukingo, akangoja, na maji yakajaa, yakatuna, yakavuka kidole chake na kushuka kwenye supra, si kwa ghafla, bali kwa mfululizo ambao haukukatika mpaka barafu ya mwisho ilipokwisha. Doa lilienea likafika mkekani.

Ami Sudi aliinuka, akachukua leso zake. "Umemlowesha shangazi yako supra," alisema, akateremka.

Jioni hiyo Shangazi alimwomba tena vyumba vya juu, na safari hii aliomba kwa machozi, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa. Nilisikia kutoka jikoni. Alimjibu kwamba bakuli si bahari, na kwamba mwanamke mzima asivunjwe moyo na mchezo wa watoto. Kwamba watu wa bwana harusi wamekwisha kuambiwa juu ya vyumba vya chini na wamefurahi. Kwamba leso zikiteremshwa chini zitaingia unyevu, na unyevu ukiingia katika leso hakuna biashara. Shangazi akasema, "Na mwanangu je, haingii unyevu?" Siku ya Jumatatu mikokoteni ya kifusi ilianza kupita ushorobani.

Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Nilimwona mtu aliyeonyeshwa kwa macho yake, aliyeweka kidole chake mwenyewe, na bado akashindwa kufahamu. Nilimhurumia kwa namna ile ya kiburi ambayo wasomi vijana huwahurumia wazee. Niliandika sentensi kumhusu katika barua kwa rafiki wa chuoni. Nilimlinganisha na jiwe. Harusi ilifanyika. Pilau ilikuwa nzuri, beni ilipigwa, Rukia alikuwa mzuri kupita kiasi chini ya taa mpya za vyumba vyake vipya vilivyonuka chokaa, na mimi nilitembea juu ya ile sakafu nikiikanyaga kwa hasira, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kabla mwaka haujaisha mafundi walirudi, safari hii dukani. Ami Sudi alikuwa ameamua kuiinua sakafu ya duka. Walimwaga zege, wakajenga vidato vitatu kwenye mlango wa kichochoroni na vitatu kwenye mlango wa ushorobani, na kwa siku chache hatukuweza kupita bila kuruka ndoo. Alisema ni mchwa. Alisema mchwa wamepanda kutoka ardhini wakala korija nzima, naye hawezi kuwafanyia biashara mchwa. Tangu hapo vikaitwa vidato vya mchwa. Mabibi wenye magoti mabovu walimlaani kwa mapenzi, wakisema Sudi atupandisha mnara kutuuzia leso ya kuogea, naye akiwashika mkono akiwacheka. Nami nilicheka. Mwezi uliofuata nilipata kazi Kilifi nikahama, na nyumba ile nikaja kuiona kwa vipande vipande, katika harusi na misiba, kama tunavyoziona nyumba zote tulizowahi kuzikalia.

Nilijua kwa hiyo kwamba maji yalikuwa yakiingia kwa Rukia. Alinieleza kwenye simu, mwanzoni kwa kicheko, kuwa bahari imekuja kumtembelea siku ya bamvua kubwa. Baadaye bila kicheko. Shangazi Zuhra alikufa akiwa bado anamwomba bintiye radhi. Mume wa Rukia alipandisha kitanda juu ya matofali, kisha kabati, kisha akapata kazi Muscat na ziara zake zikawa chache. Sitasema kwamba yote ni barafu. Kifusi nacho hushuka, na nyumba iliyojengwa juu yake hushuka nacho. Bahari ilipanda kidogo na sakafu ikateremka kidogo, wakakutana katikati, kama watu wanaosuluhishwa. Na Rukia aliposhtaki kwa mjomba wake, alijibiwa kwamba bamvua ni bamvua, limekuwapo tangu Nuhu, na kwamba aitazame bilauri.

Siku ya tatu ya matanga ilikuwa siku ya khitma, na mwezi ulikuwa mpevu. Wanaume walikuwa msikitini. Wanawake tuliketi katika vyumba vya Rukia kwa kuwa ndivyo vyenye nafasi, tukiwa na juzuu mikononi, na baada ya alasiri maji yakaingia. Hayakuja kwa wimbi. Yalitoka kwenye tundu la bafu, kimya, kisha kwenye mwanya wa kizingiti, kwa utulivu wa mwenye nyumba anayerejea kwake. Rukia, ambaye sasa ana mvi mbele ya sikio, hakushtuka. Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza chai, "Mabibi, inueni miguu." Kisha akakusanya juzuu, akaziweka kifuani, akatuongoza ushorobani mpaka kwenye mlango wa duka. Ufunguo alikuwa nao yeye; miaka ya mwisho ndiye aliyekuwa akimfungia mjomba wake duka. Tukapanda vile vidato, wengine wakivutwa mikono, tukaketi sakafuni katikati ya leso. Palikuwa pakavu kabisa. Palinuka wanga na rangi, kama asubuhi zile.

Wenzangu waliendelea kusoma. Mimi nilisimama mlangoni na Rukia, tukitazama maji yakitufuata ushorobani. Yalikifunika kidato cha kwanza. Yalikigusa cha pili, yakakaa hapo yakichezacheza, na hapo ndipo yalipokoma. Chembe za pilipili manga na jani moja la mkadi vilikuwa vikizunguka juu yake. Kidato cha tatu kilikuwa kikavu na vumbi lake. Nilikitazama kwa muda mrefu, na nilichohisi mwanzoni hakikuwa hata hasira. Nilihisi kama mwalimu anayeokota karatasi ya mtihani ya mwanafunzi mjinga wa darasa na kuikuta haina kosa.

Rukia alisema, bila kunitazama, "Siku ile ya bakuli, sisi tulipokwenda kuswali, Mjomba alibaki?"

"Alibaki."

"Mpaka yakamwagika?"

"Mpaka yakamwagika. Alilifuta jasho kwanza, ahakikishe."

Alitikisa kichwa taratibu. Alivitazama vile vidato kimoja kimoja. "Basi katika mtaa huu mzima," akasema, "alokuelewa ni yeye peke yake."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimempa Ami Sudi heshima asiyostahili. Nilimdhania mjinga, na ujinga una udhuru; mtu hupelekwa kaburini nao na dua ikapokelewa. Yeye hakuwa mjinga. Alijifunza somo langu vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha, akalipima, akaliamini kiasi cha kuligharamia zege na mafundi, na akaliweka pale lilipomfaa: chini ya leso. Kisha akateremka barazani akaendelea kuijaza bilauri. Yule mtaalamu wa ndege ya asubuhi nilimdharau kwa alichokuwa hakijui. Kwa huyu sikuwa hata na neno lililo tayari.

Rukia hakulitafuta neno. Alipita kati ya wasomaji, akavuta korija moja kutoka rafuni, akaikata kamba kwa meno, akaanza kuzikunjua leso mpya, moja baada ya nyingine, nyekundu, nyeusi, za manjano, akizibeba begani. Shemeji mmoja wa marehemu aliinua uso kutoka kwenye juzuu yake, akamwambia kwa kunong'ona kwamba hiyo ni mali ya warithi.

"Basi waje wachukue na maji," Rukia akasema.

Akateremka vile vidato mpaka ndani ya maji, akaelekea chumbani mwake. Nilivua viatu nikamfuata. Tulingoja mpaka maji yalipoanza kurudi yalikotoka, kisha tukazitandika zile leso sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na maneno yaliyoandikwa pindoni mwake yakalowa yakaingia weusi. Rukia akaokota moja kwa ncha zake mbili, akanirushia ncha nyingine mbili. Tukaisokota, yeye akisokotea huku na mimi kule, kama tulivyokuwa tukikamua nguo za Shangazi uani, wakati ua ulipokuwa ua. Ilichuruzika kwa muda mrefu. Kutoka dukani ilisikika sauti ya wanawake wakimwombea Ami Sudi.